Wanajeshi wa Mezani: Historia ya Watu Waliokataa Kilichomo Kwenye Boksi

Leo sina habari ya boom wala ya foleni ya kafteria. Leo naandika historia, maana ndiyo ninayoisoma hapa mlimani na ndiyo inayoninyima usingizi. Somo lenyewe huenda likawashangaza: watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaokusanya wanajeshi wadogo wenye kimo cha pingili ya kidole gumba, wanawapaka rangi kwa brashi nyembamba kama sindano, kisha wanawapanga mezani na kupigana vita kwa dadu na futi kamba.

Najua kuna watakaosema, hivi huyu kakosa la kuandika? Subirini kidogo. Nimekaa na habari hii kwenye kimbweta karibu wiki nzima, na kila nikiichimba naona inauliza swali ambalo sisi watu wa historia tunaulizana kila semina: nani ana haki ya kuamua nani aonekane na nani asionekane?

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe. Kila mchezaji ana jeshi lake. Zamu ikifika kwako unasogeza vikosi vyako kwa kipimo, tuseme inchi sita, halafu unarusha dadu kujua kama umepiga au umekosa. Kuna kitabu cha sheria, kuna vilima vya kutengeneza, kuna vijumba na miti. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili, na wengi watakuambia ndiyo tamu zaidi, haina adui wala dadu. Ni kukaa peke yako usiku na kisu, gundi na visanamu vyako. Unakata kichwa cha huyu, unambandika yule. Unachukua mkono uliokuwa umeshika bunduki unaupa bendera. Pengo linalobaki unaliziba kwa gundi nzito ya kufinyanga, ile inayokuja katika vipande viwili, cha bluu na cha njano, ukivikanda pamoja vinakuwa kijani. Ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe. Basi kisanamu kilichotoka kiwandani na mapacha wake elfu kimekuwa kimoja tu duniani.

Na hapa ndipo nilipo mimi. Ukisoma historia ya mchezo huu tangu mwanzo, utaona kila hatua kubwa ilipigwa na mtu aliyekuta kitu hakimtoshi, akakikata.

Tuanzie Prussia, dola ya Wajerumani wa zamani. Mwaka 1812 bwana mmoja aitwaye Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo wa vita ndani ya meza maalumu yenye droo, na vipande vya ardhi vya kupanga upendavyo: mto hapa, kilima pale. Kabla ya hapo ilikuwepo michezo ya vita iliyofanana na sataranji, yenye miraba. Reisswitz aliitupa miraba. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akaendelea na kazi, na mwaka 1824 zikachapishwa sheria zake: ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000, vipande vidogo vya chuma kuwakilisha vikosi, dadu kuwakilisha bahati, na mwamuzi katikati. Jeshi la Prussia likaupokea kama mafunzo ya maofisa. Masikini, huyu kijana hakuufaidi umaarufu wake. Alijiua mwaka 1827.

Ule haukuwa mchezo wa visanamu bado. Visanamu vilikuwa vinakua upande mwingine, kwenye karakana za Nuremberg, ambako mafundi kama Johann Gottfried Hilpert walikuwa wakisubu wanajeshi bapa wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake mjini humo, na kimo cha milimita 30 kikaja kuwa kipimo cha kawaida cha wanajeshi wale bapa. Hili la kipimo msilidharau. Kama kila fundi ana kimo chake huwezi kuchanganya jeshi la huyu na la yule. Kipimo kimoja ndicho kilichomwezesha mtu kuwa mkusanyaji.

Halafu wakaja waandishi. Mnamkumbuka Robert Louis Stevenson, yule aliyeandika hadithi tunayoijua kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina? Majira ya baridi ya 1881 hadi 1882 alikuwa Davos, Uswisi, akiuguza kifua. Huko alikuwa akipanda darini na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, wanachora ramani kwa chaki sakafuni, milima, mito, miji na barabara, na kupigana vita vya wiki nzima kwa wanajeshi wa risasi. (Risasi nayoisema hapa ni yale madini, msije mkadhani walipigana kweli!) Lloyd aliyasimulia hayo kwenye jarida mwaka 1898, miaka minne baada ya Stevenson kufa.

Wakati huo kule London familia moja ya mafundi, ya William Britain, ilikuwa imegundua ujanja. Mwaka 1893 walianza kusubu wanajeshi wenye uwazi ndani. Unamimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, ukuta wa nje unaganda kwanza, na kabla ya katikati kuganda unaimwaga iliyobaki. Unabaki na mwanajeshi kamili aliye mtupu tumboni. Madini kidogo, uzito kidogo, bei ndogo. Wajerumani waliokuwa wameshika soko la Uingereza wakaanza kutetemeka. Kwa mara ya kwanza mtoto wa familia ya kawaida aliweza kuwa na kikosi, si wanajeshi wawili watatu.

Ni wanajeshi hao wa Britains waliomkuta H. G. Wells, yule wa hadithi za mashine ya wakati na wavamizi kutoka Mars. Mwaka 1911 alitoa kitabu cha michezo ya sakafuni, na mwaka 1913 akatoa Little Wars, yaani vita vidogo. Chanzo chake kilikuwa mzinga wa kuchezea wenye springi, unaorusha kipande cha mti na kuangusha wanajeshi kweli. Rafiki yake alianza kuuchezea baada ya chakula, wengine wakaingilia, na kabla hawajajijua wanatunga sheria: askari wa miguu futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili. Wazee wazima wamelala kifudifudi kwenye zulia!

Lakini Wells hakuwa anacheza tu. Hoja yake ilikuwa kwamba anayetaka vita na acheze hivi, maana humu hakuna maiti wala mjane. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1914, vita vikubwa vikaanza, na Novemba ya mwaka huohuo vikafika Tanga. Shikeni hapo, nitarudi.

Baada ya vita vya pili mchezo ulianza kuwa jamii. Huko California Jack Scruby, mchapaji kwa kazi yake, alianza kusubu visanamu kwa kalibu za mpira badala ya chuma. Kalibu ya chuma inataka fundi na mtaji, ya mpira unaweza kuitengeneza gereji kwako. Mwaka 1957 akaanzisha jarida la kuwaunganisha wachezaji waliokuwa wametapakaa. Uingereza alikuwepo Donald Featherstone, aliyepigana vitani kwenye vifaru, na kazi yake ya kila siku ikiwa kutibu viungo na misuli. Kitabu chake cha mwaka 1962, War Games, kiliwafundisha wengi kwamba unaweza kuanza na ulichonacho.

Na walichokuwa nacho ni plastiki. Kuanzia 1959 kampuni ya Airfix iliuza maboksi ya wanajeshi wadogo wa plastiki laini, bei ya pesa ya mfukoni ya mwanafunzi. Tatizo, Airfix ilitoa majeshi iliyoyataka yenyewe. Ukitaka jeshi lisilokuwemo, shauri yako. Basi watu wakashika wembe na sindano ya moto. Kofia ikakatwa ikawa kilemba, mkuki ukatengenezwa kwa waya, koti refu likaundwa kwa karatasi na gundi. Jarida la Airfix lenyewe likawa linachapisha maelekezo ya kugeuza bidhaa za Airfix. Kiwanda hakikukasirika. Kila aliyegeuza alikuwa amenunua boksi kwanza, au mawili.

Sasa mje Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa sheria za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, na mwishoni wakatia nyongeza ya mazimwi na wachawi. Jamani, zimwi la kununua liko wapi? Halikuwepo. Gygax akachukua mnyama mkubwa wa kale wa plastiki, stegosaurus, akamgeuza kuwa joka. Akanunua pia zile pakiti za bei chee za wanyama wa ajabu wa plastiki waliotengenezwa Hong Kong, ambao hata huwezi kusema ni mnyama gani, na kila mmoja akampa jina na tabia. Baadhi ya madude hayo yameingia moja kwa moja kwenye Dungeons & Dragons, mchezo alioutoa na Dave Arneson mwaka 1974, na hadi leo yamo. Fikirini hilo. Kitu kisichojulikana ni nini, kilichotupwa kwenye kapu la duka, kimekuwa sehemu ya ndoto za mamilioni ya watu kwa sababu mtu mmoja alikiangalia na kujiuliza kinaweza kuwa nini.

Mwaka 1975 vijana watatu wa London, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha Games Workshop. Mtapenda hii: walianza kwa kutengeneza mbao za michezo, ikiwemo mancala, ndugu kabisa wa bao letu. Wakapata haki ya kuuza Dungeons & Dragons Ulaya, na mwaka 1979 wakishirikiana na Bryan Ansell wakaanzisha Citadel, karakana ya kusubu visanamu. Hapo hesabu ya biashara ikaingia. Mchezaji wa Dungeons & Dragons anahitaji visanamu vichache tu. Mchezaji wa vita anahitaji makumi. Kwa hiyo mwaka 1983 wakatoa Warhammer, mchezo wa majeshi ya kubuni, na mwaka 1987 Rick Priestley akatoa Warhammer 40,000, vita vya mbali huko mbele kwenye nyota.

Mwanzoni bado ulikuwa ni ulimwengu wa wembe na gundi. Boksi la kwanza la wanajeshi wao wa plastiki wa anga za juu, la mwaka 1987, lilikuwa na watu 30 wenye vichwa na mikono ya kubadilishana, yaani kugeuza kumo ndani ya boksi. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyohiyo iliwafundisha wachezaji kuunda chombo cha kivita kwa kopo tupu la deodoranti! Sitanii. Kopo, vipande vya plastiki vilivyobaki, rangi, na una gari la kivita linaloelea.

Lakini kampuni ilikua. Desemba 2024 Games Workshop, yenye makao Nottingham, iliingia kwenye orodha ya makampuni 100 makubwa ya soko la hisa la London. Kampuni ya ukubwa huo haiongei tena habari ya kopo la deodoranti. Inaongea habari ya haki miliki.

Kesi iliyoonyesha hilo waziwazi ilifunguliwa Desemba 2010 kwenye mahakama ya shirikisho huko Chicago. Kampuni ndogo sana ya Texas, Chapterhouse Studios, ilikuwa ikiuza mabega, vichwa na vipande vingine vya kubandika kwenye visanamu vya Games Workshop. Haikuuza visanamu vizima vilivyonakiliwa, iliuza hasa vitu vya kugeuzia. Games Workshop ikadai haki zake zimevunjwa kwa zaidi ya vipengele 100. Juni 2013 baraza la wazee wa mahakama likatoa uamuzi: mkubwa akashinda baadhi, akapewa fidia ya dola 25,000, lakini madai mengi yakaangukia upande wa mdogo. Wote wakakata rufaa, na mwaka 2014 wakamalizana nje ya mahakama.

Wachezaji wengi wanasema kilichofuata ndicho kilichouma. Zamani vitabu vya Warhammer vilikuwa na viumbe wenye sheria lakini wasio na kisanamu dukani, ukitaka kumtumia unamtengeneza mwenyewe. Baada ya kesi, viumbe wa namna hiyo wakaanza kutoweka vitabuni. Mantiki ya mfanyabiashara naielewa: kama mimi siuzi, kwa nini nimfungulie mlango mwingine auze? Lakini angalieni kilichopotea. Ile nafasi tupu, ile aliyoijaza Gygax kwa mnyama wa plastiki wa Hong Kong, ikazibwa. Na kila ikizibwa huku, inafunguka kule, maana siku hizi mtu ana mashine ya kuchapa visanamu kwa utomvu juu ya meza yake nyumbani. Kalibu ya mpira ya Scruby imepata mjukuu.

Sasa turudi Tanga kama nilivyoahidi. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India, wengi mara kadhaa kuliko Wajerumani na askari wao, wakapigwa, na katikati ya mapigano wakashambuliwa na nyuki. Wacheza vita wa Ulaya na Marekani wanaipenda sana vita hii. Vilevile wanapenda Afrika ya karne ya 19. Kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza ina mkusanyo uliochongwa na Mark Copplestone uitwao Darkest Africa, yaani Afrika ya giza totoro. Humo wamo wapelelezi Wazungu na kofia zao ngumu, wamo askari, na wamo ruga-ruga. Ndiyo, ruga-ruga walewale tuliosoma sekondari, wa Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Neno letu, limeandikwa kwenye pakiti ya bati Uingereza.

Sisemi ni vibaya. Mimi nilifurahi. Afadhali kuwa kisanamu kuliko kutokuwepo. Na kwa uchongaji, mikono ya yule bwana imebarikiwa. Lakini jina la mkusanyo limeshamwambia mchezaji aanze kuangalia kutoka upande gani. Mpelelezi ndiye mwenye safari, wengine wote ni hatari za njiani au mizigo ya njiani.

Na sasa mizigo yenyewe. Vita ya 1914 hadi 1918 hapa kwetu haikuendeshwa kwa bunduki tu, iliendeshwa kwa vichwa na mabega ya watu. Reli haikufika kila mahali, mbung'o waliua farasi na nyumbu, basi wakachukuliwa wapagazi. Walikufa makumi elfu kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu. Sisi wa Dar tunatamka kumbukumbu yao kila siku bila kujua, maana Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza lililopita kwenye ndimi zetu. Konda anapoita Kariakoo, Kariakoo, anaita jeshi la wafu.

Katika mchezo wa mezani mpagazi ni nini? Ni kisanamu kinachotembea nyuma. Hana zamu yake. Hapigi. Akifa, kinachohesabiwa ni mzigo. Na historia nyingi za vita hii zimeandikwa hivyohivyo, tusiwacheke wenye dadu.

Ndiyo maana nasema hii nusu ya pili ya mchezo, ya kisu na gundi, ni jambo zito. Mtu aliyeko Leeds au Ohio anaweza kuchukua kisanamu cha mpagazi, akakata mzigo, akamsimamisha wima, akamfinyangia uso wenye mtu ndani yake, akampa na sheria: jeshi lako likikosa chakula zamu tatu, hawa wanatoroka na wewe umekwisha. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Hiyo nayo ni kuandika historia, tena bila kuhitaji profesa akupitishie.

Na sisi je? Kisanamu cha Warhammer kwa boom la mwanafunzi ni ndoto, tusidanganyane. Lakini zile pakiti za wanajeshi wa plastiki wa kijani, na wale wanyama wasiojulikana ni nyani au ni simba, zinauzwa hapohapo Kariakoo. Gygax alianza na za aina hiyohiyo. Wembe upo, waya upo, gundi ipo, rangi ya kucha ya dada zetu ipo (ombeni kwanza). Tanga ya 1914 inaenea kwenye meza moja ya chumba cha semina. Hakuna boksi lolote duniani lenye mpagazi kama bibi zetu walivyosimulia. Kwa hiyo itabidi tumchonge.

Mwenye wembe mkali anitafute kabla ya UE kuanza. Mimi kichwa nimeshakata kimoja.